Kikombe cha Kasimele

Shemeji Muhenna alikuja Ijumaa baada ya sala,
kanzu imenyooshwa, kofia imekaa upande,
akaweka juu ya busati, kati ya dele na tende,
jiwe la ukubwa wa ngumi na karatasi yenye muhuri.
"Thelathini na nane," akasema. "Gramu. Kwa tani."
Kisha akanyamaza ili nishangae.

Mimi ni mwaka wa kumi na tisa nachoma mawe ya watu
katika maabara moja ya Ghala, nyuma ya gereji za malori.
Nasaga, napima, nachanganya na unga wa risasi,
tanuri linameza, linatema,
na mwishoni, katika kikombe cha jivu la mifupa,
hubaki nukta. Mara nyingi
hata nukta haibaki.
Nimewaona wanaume wazima wakiikodolea macho
kama watu wautafutao mwezi mwandamo.

"Jiwe hili aliliokota nani?"
"Mwenye mgodi."
"Na mgodi uko wapi?"
"Milimani, nyuma ya Yanqul."
"Na yale mengine, ambayo mkono wake uliyaruka
ulipokuwa unaliendea hili?"
Shemeji akatafuna tende.

Akatoa simu. Picha: magunia ya unga mweusi.
"Haya ndiyo makinikia. Gramu sitini! Sitini, Ghania!"
Neno lenyewe nalipenda, lina umakini ndani yake.
Aliyelitamka ndiye hakuwa nao.

Nikamvuta jikoni. Mama yuko juu ya mbuzi, anakuna.
Nikamwonyesha bakuli la tui la kwanza.
"Hili ni kasimele. Zito, sivyo?
Sasa niambie: nazi ngapi?"
Akatazama vifuu sakafuni. "Sita."
"Muuzaji wako amekuonyesha bakuli.
Vifuu hakukuonyesha.
Wala machicha, nayo bado yana tui lake
ambalo hakuna mkono utakaolikamua likaisha."

Nikamwaga unga wa ngano mezani, nikaandika kwa kidole.
Mlima, tukiuhurumia, una gramu mbili kwa tani.
Mtambo mdogo utashika robo tatu,
robo itakwenda na marudio.
Basi tani moja ya yale makinikia
ni tani arobaini za mlima,
zilipuliwe, zibebwe, zisagwe, zioshwe
kwa maji ya kununua kwa lori, kwa dizeli,
kwa vijana wa Chitagongi wanaodai miezi mitatu.

"Na pesa ya hisa utaitoa wapi?"
Hapo mbuzi ikaacha kukwaruza.
"Nimeshamwahidi," mama akasema, hatutazami.

Bangili zake kumi na mbili, gramu kumi kila moja.
Nikarudi kwenye unga.
"Tani themanini, shemeji.
Mkononi mwa mama mna tani themanini za mlima wako,
zimekwisha pita karashani, zimekwisha pita motoni,
zimekwenda harusi saba.
Unaziuza ukanunue nini? Mawe?"

Hakukasirika; hilo nitamshukuru.
Jumapili alikwenda mwenyewe, na gunia za mchele,
akaokota kila hatua kumi, zuri na baya,
akarudi pua imebabuka, na sampuli kumi na moja.
Nilizichoma bila malipo.
Sifuri nukta nne. Moja na kidogo. Hakuna. Hakuna.
Tatu, ambayo ilimfanya asimame.
Sifuri nukta saba. Hakuna.
Mama alivaa bangili zake akamkamulia tui la pili
kama mtu anayemliwaza mgonjwa.

Lakini kuna jambo sikulisema.
Lile jiwe la kwanza nililipasua usiku ule ule,
nusu nikaichoma peke yangu, mlango nimeufunga.
Arobaini na moja.
Karatasi ilikuwa imepunja.
Jiwe halikudanganya, ila
liliitwa ushahidini peke yake.

Nusu nyingine iko katika droo yangu, chini ya glavu.
Siku nyingine, wenzangu wakishaondoka,
naitoa, naigeuza chini ya taa,
na mimi, mwenye mizani na miaka kumi na tisa,
kwa dakika nzima
naamini.